Mheshimiwa Uchukuliwe na Choo cha Soko Kuu

Ijulikane kwa wote kwamba soko kuu la manispaa sasa lina choo. Tena si choo tu, bali "maliwato ya kisasa yenye matundu kumi na mawili, sita ya wanawake na sita ya wanaume, pamoja na sehemu ya kunawia mikono." Ndivyo lisemavyo tangazo lililobandikwa kwenye lango la soko, lenye nembo ya manispaa juu na sahihi ya Mstahiki Meya chini. Katikati limeeleza kwamba, kwa kuwa huduma hiyo sasa inapatikana, mtu yeyote atakayekutwa akijisaidia mahali pengine popote katika eneo la soko atakuwa ametenda kosa. Tangazo limevalishwa plastiki ili mvua isilidhuru. Hakuna kitu kingine sokoni kilichofikiriwa hivyo kuhusu mvua.

Sahihi ile ni nzuri. Haina mtetemo hata kidogo, na hilo si ajabu, maana mwenyewe alishika wembe miaka kumi na minne kabla ya kushika kalamu.

Alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na soko: viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri zamu, ambapo nchi iliendeshwa kila siku kuanzia saa tatu asubuhi. Siasa yote aliyokuja kuijua aliipatia pale. Alijua kwamba mtu akiwa chini ya wembe, kila asemalo ni kweli. Alijua kumwambia mteja wa kiti cha kulia, "Hilo nalo neno," na baada ya dakika mbili kumwambia wa kiti cha kushoto, aliyesema kinyume chake, "Hilo nalo neno," na wote wawili wakaondoka wamenyolewa na kuridhika. Hakuwa mnafiki. Alipenda tu watu waondoke mapema na vichwa safi.

Mashine yake ya kwanza ya kunyolea alinunuliwa na dada yake. Dada huyu alimzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamchapa alipokosa na mara nyingine akamchapa akiba, kwa makosa yatakayokuja. Aliuza vitunguu, meza ya pili kutoka langoni, akikalia kreti moja kwa miaka ishirini na sita. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, akaondoka saa kumi na mbili jioni, na katika saa zote hizo hakutia tone la maji kinywani.

Hakuwa peke yake. Wanawake wa soko lile, mia mbili na ushee, walikuwa wamejizoeza kutokunywa kama mlinzi anavyojizoeza kutosinzia. Wanaume walikuwa na ukuta wa nyuma. Mgahawa wa jirani ulikuwa na choo, na mwenye mgahawa alikuwa na kufuli.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa la mzaha. Kisha dada akaanza kuumwa kiuno, miguu ikavimba, akaenda hospitali.

"Figo zako zimechoka, mama," daktari alimwambia. "Unywe maji. Lita tatu kwa siku."

"Nikishakunywa nije kukojoa hapa kwako?"

"Hapa mbali, mama."

"Basi umeona."

Karatasi ya daktari aliipeleka kibandani, akamwekea mdogo wake mapajani.

"Mdogo wangu, watu wanakupenda. Sijui wanakupendea nini, lakini wanakupenda. Gombea udiwani utujengee choo."

"Dada, mimi kinyozi."

"Na huyo aliyepo ni nani? Huyo hata kunyoa hajui."

Akagombea. Mpinzani wake alikuja na spika nne na hotuba yenye takwimu. Dada alipanda juu ya kreti lake. "Huyu nimemlea mimi," alisema. "Nimemfuta kamasi na mengine ambayo sitayataja mbele za watu. Mkimchagua atajenga choo. Asipojenga, nyote mje mkojoe kwangu." Soko lilicheka mpaka mizani zikatikisika. Baadaye hata wapinzani walikiri kwamba ndiyo ilikuwa hotuba pekee katika uchaguzi ule iliyokuwa na sera.

Kikao chake cha kwanza cha baraza la madiwani kilianza saa nne asubuhi kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Muhtasari ulikuwa na kurasa themanini na nne. Karani aliusoma wote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia. Ilipofika saa saba, karani akiwa ukurasa wa hamsini na tatu, diwani mpya alibanwa. Alikuwa amekunywa chai vikombe vitatu kwa heshima ya cheo. Alisimama kuomba ruhusa ya kutoka. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani, madiwani wote wakageuka, na kinyozi, ambaye hajawahi kumwambia mtu mwenye miwani kwamba ana haja, akaishiwa maneno. Lililomjia mdomoni ni sentensi aliyoiona kwenye kijitabu cha kanuni walichogawiwa mlangoni:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba muhtasari uchukuliwe kuwa umesomwa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu wazima walipiga meza. Mzee mmoja, diwani wa vipindi vitano, alimfuata mlangoni akamshika mkono wote mpaka kwenye kiwiko. "Kijana, miaka ishirini nakufa njaa humu ndani, kumbe dawa ilikuwepo kwenye kijitabu! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nakuja, mzee," alisema kinyozi, akakimbia.

Tangu siku hiyo akaitwa Uchukuliwe. Kila kikao, mwenyekiti akishafungua tu, macho yote yalimwelekea. Naye alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatamka yale maneno, na baraza likaendelea. Vikao vilivyokuwa vikiisha magharibi vikawa vinaisha saa saba. Hakuna diwani katika historia ya manispaa aliyeungwa mkono na pande zote mbili namna ile. Choo nacho kiliingizwa kwenye mpango wa mwaka wake wa kwanza, kikasogezwa mwaka wa pili, kikapisha taa za barabarani mwaka wa tatu, kikapisha gari la zimamoto mwaka wa nne. Hakuna aliyekipinga. Laiti wangekipinga, angalau angejua wa kugombana naye. Kila mmoja alisimama akakisifu, na kilipokwisha kusifiwa kikasogezwa.

"Vipi?" dada alimwuliza kila akipita sokoni.

"Kiko kwenye mpango, dada."

"Na mimi niko kwenye kreti. Tutaonana."

Katika kipindi chake cha tatu baraza liligawanyika sawasawa, nusu kwa nusu, na hakuna upande uliokubali meya wa upande wa pili. Wakatafuta mtu ambaye hatamuudhi yeyote na atakayewarudisha nyumbani mapema. Hawakutafuta mbali. Akavishwa joho jekundu lililomfika kwenye vifundo vya miguu na mkufu wenye uzito wa kuku aliyenona. Mchana ule benchi la kibandani lilijaa, na kinyozi aliyeachiwa kiti alimnyoa kila mtu bure mpaka mashine ikapata moto.

Wiki ya pili dada alimtembelea ofisini, ghorofa ya tatu. Aligoma kukaa kwenye kochi; alisema linameza watu. Akauona mlango mdogo pembeni ya kabati.

"Huku kuna nini?"

"Choo, dada."

"Cha nani?"

"Cha meya."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Aliufungua, akachungulia, akaingia. Alikaa humo muda mrefu sana. Meya alisikia maji yakishuka, kisha bomba la kunawia, kisha kimya, kisha maji yakishuka tena ingawa hapakuwa na haja. Alipotoka alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili.

"Kizuri," alisema. Akaenda zake.

Mwezi uliofuata meya alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika maisha yake ya siasa: alikasirika mbele ya watu. Alisema hatafunga kikao mpaka choo cha soko kipitishwe. Waheshimiwa walitazama saa, wakatazamana, wakapitisha kwa kauli moja. Mchoraji akaletwa. Eneo likazungushiwa mabati. Dada aliyahesabu mabati kutoka pale alipokaa. Yalikuwa arobaini na mawili, na kila asubuhi aliyatazama kama mtu anavyoutazama mlango wa chumba ambamo mkwe wake anajifungua.

Kilichotokea baada ya hapo hakikuwa wizi. Hili linahitaji kusemwa, kwa sababu mjini hakuna aliyeliamini mpaka leo. Taarifa ya utekelezaji wa miradi ilikuwa na jedwali lenye safu tatu: jina la mradi, hatua iliyofikiwa, na kiwango cha kukamilika kwa hatua hiyo. Choo cha soko kilikuwa kwenye hatua ya mchoro, na mchoro ulikuwa umekamilika kwa asilimia mia. Mchapaji, mwanamke mmoja mwangalifu asiye na doa kazini, aliona jedwali limezidi upana wa karatasi. Akaondoa safu ya katikati. Likakaa vizuri sana. Likabaki: "Choo cha soko kuu, asilimia mia."

Jedwali liliingizwa kwenye muhtasari, ukurasa wa sitini na moja. Kikao kilichofuata, meya akiwa kwenye kiti kirefu, diwani mmoja alisimama akafunga kifungo cha koti na kuomba muhtasari uchukuliwe kuwa umesomwa. Meya alitabasamu kama mzazi anayemwona mtoto akitembea. Kisha, kama kanuni inavyotaka, alitia sahihi kila ukurasa, tisini na saba kwa jumla, mkono bila kutetemeka.

Juma moja baadaye aliletewa tangazo la kuidhinisha. Alilisoma mara mbili.

"Kimekwisha?" alimwuliza ofisa afya.

"Kimethibitishwa, Mheshimiwa."

Kwa watu wa ofisi ile, kuthibitishwa ni zaidi ya kwisha. Gari la meya lilikuwa halipiti tena upande wa soko kwa sababu ya foleni, na mara ya mwisho alipopita aliona mabati, na nyuma ya mabati mtu anaweza kuwaza chochote. Akasaini. Kisha akampigia dada yake simu.

"Dada. Choo tayari."

"Sema kweli."

"Nimesaini sasa hivi. Matundu kumi na mawili. Kunywa maji, dada. Kunywa yote."

Akanywa. Alinunua jagi zima kwa muuza juisi, la maji matupu, akalinywa akiwa amekaa kwenye kreti mbele ya watu, na wauza vitunguu wote wa mstari wake wakanywa naye, wakigongeana vikombe kama watu wa arusini. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu walikwenda wote sita kuzunguka mabati, wakatafuta mlango, wakasogeza bati moja. Ndani mlikuwa na nyasi za magotini, vigingi vinne, na kamba iliyofungwa toka kigingi hadi kigingi.

"Labda ni cha chini ya ardhi," alisema mmoja wao, na wakacheka, na kucheka kukawaponza.

Walikimbilia ukuta wa nyuma. Askari wawili wa manispaa walikuwa pale, nakala ya tangazo mkononi, siku yao ya kwanza ya utekelezaji. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alisema, "Mama, choo si kipo?" na akawasomea.

Meya aliitwa na katibu muhtasi wake katikati ya mkutano wa usafi wa mazingira. Alishuka ngazi ghorofa tatu. Wanawake sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la mapokezi, wa mwisho dada yake, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, nguo imelowa, mkoba umewekwa juu ya pale palipolowa.

"Dada."

"Mstahiki," alijibu. Hajawahi kumwita hivyo. "Nimekunywa kama ulivyosema."

Wakaachiwa huru dakika ile ile. Meya akapanda moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi, aliyekuwa ndiye katibu wa baraza na mwenye funguo za kila kitu ambacho meya huwa anakifungua kwa kukata utepe.

"Hakuna choo," alisema meya.

"Nimesikia, Mheshimiwa. Inasikitisha. Lakini muhtasari umethibitishwa."

"Turekebishe."

"Muhtasari uliothibitishwa haurekebishwi. Unaweza kutengua uamuzi, baada ya miezi sita, kwa hoja yenye sahihi za theluthi ya madiwani. Ila huu si uamuzi, ni taarifa. Na taarifa tumekwisha kuipeleka wizarani, na fungu lililobaki tumelirudisha."

"Basi tuombe tujenge kingine."

"Soko halipewi choo cha pili kabla cha kwanza hakijazidiwa."

Meya alifikiri. "Tuombe ukarabati."

"Nililifikiria hilo," alisema mkurugenzi, na kwa kweli alikuwa amelifikiria. Alikuwa mtu makini. "Ukarabati unataka picha za uchakavu."

"Kibomolewe, basi!"

"Kubomoa kunataka tathmini ya jengo, Mheshimiwa." Akamsogezea kiti. "Kaa kidogo. Tatizo ni sahihi. Kama si sahihi yako ningesema karani kakosea. Sasa nimseme nani?"

Alisubiri miezi sita hata hivyo. Siku ya hoja alisimama bila joho, akawaeleza wenzake kila kitu: jedwali, safu, vigingi, dada yake kwenye benchi. Walimsikiliza kwa heshima. Wengine walifuta macho. Alipoomba wa kuunga mkono, ukumbi mzima ulianza kusoma makaratasi, kwa mara ya kwanza tangu aingie baraza lile.

Mzee wa vipindi vitano, ambaye sasa alikuwa wa vipindi saba, alimfuata kando. "Mwanangu, roho inaniuma. Lakini tukisema hatukusoma huu, wataulizia mingine. Una hesabu tumepitisha mingapi toka uje?"

"Zaidi ya sitini, mzee."

"Sitini! Kuna barabara humo. Kuna madaraja. Mji mzima umesimama juu yake."

"Hilo nalo neno," alisema meya, kabla hajajizuia.

Dada alirudi kwenye kreti na kwenye kutokunywa, sasa kwa ukali zaidi, kama mtu aliyevunja mwiko akaadhibiwa. Figo moja ikalala. Ya pili ikawa inasinzia. Akalazwa, na meya akawa anakwenda kila mchana kukaa naye, kiti cha chuma kando ya kitanda, mkufu ameuvua akautia mfukoni. Alimnyoa nywele kwa mkono wake, maana zilimkera kwenye mto.

"Hebu niambie," dada alimwuliza siku moja. "Ile karatasi uliisoma?"

"Hapana, dada. Huwa hatusomi."

"Hakuna anayesoma? Wote na masuti yenu?"

"Yupo anayechapa."

Dada alifumba macho, mabega yakatikisika, na ilimchukua mdogo wake muda kutambua kwamba alikuwa anacheka. "Basi huyo ndiye meya," alisema. Baadaye akasema ana kiu. Muuguzi alikuwa ameruhusu kijiko kimoja tu cha maji kwa saa, kwa sababu mwili ulikuwa hauwezi tena kuyatoa. Alimpa kijiko. Akasubiri saa iishe.

Alizikwa mwanzo wa masika. Soko lilifungwa nusu siku. Baraza lilisimama dakika moja, na jambo hilo likaandikwa kwenye muhtasari.

Meya alimaliza kipindi chake na akachaguliwa tena, maana hakuna aliyepata sababu ya kutomchagua. Na manispaa ilipewa cheti cha nafasi ya pili kwa huduma za usafi katika masoko, kikatundikwa ukumbini. Mabati yaling'olewa moja moja na watu wenye shida za mapaa. Meza ya pili kutoka langoni sasa anauza mkwe wa marehemu, vitunguu vile vile.

Mwaka jana kijana mmoja mwenye bidii alifungua biashara ya maji baridi ya chupa pale sokoni, akiwa amepiga hesabu ya joto na ya wanawake mia mbili wanaoshinda juani. Alifunga baada ya wiki mbili. Alisema wanawake wa soko lile, kwa kadiri alivyoona, hawana kiu.